Kikamba cha Nyuma ya Ukuta

Kila mtu aliyewahi kunishauri kuhusu Kikamba alinishauri jambo moja: usijisumbue na vitabu, kaa tu na watu, lugha itaingia yenyewe. Wanasema hivyo kana kwamba lugha ni vumbi la Kambu, ambalo kweli huingia lenyewe hata ukifunga dirisha. Basi, nimekaa na watu. Nimeoa kwao, nimezika nao, nimekula muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, mpaka nikaanza kuutamani nikiwa kwetu. Na bado kila nikifungua mdomo niseme Kikamba, najibiwa kwa Kiswahili.

Mimi ni Mkikuyu, fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mahali ambapo malori hulala na watu wa kila kabila huuza chochote kinachouzika. Natengeneza milango, madirisha na mageti. Mke wangu ni Mkamba wa Kasikeu. Tulipokutana tuliongea Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha shule, na mpaka leo ndicho tunachoongea nyumbani, kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu kwa lugha ambayo hamkupendana kwayo. Watoto wetu walikiokota Kikamba kwa kucheza tu, bila jasho, halafu wakaenda shule za bweni wakaniacha peke yangu na ulimi wangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kikamba na Kikikuyu ni ndugu. Mtu aliyetoka mbali angekuwa na kisingizio. Mimi ukinisemesha naelewa karibu yote. Shida ni mdomo. Kwetu shamba ni mũgũnda, kwao ni mũũnda. Wametoa ile g na kuacha pengo ambalo ulimi wangu hauvuki bila kujikwaa. Mke wangu husema hapana, neno lilikuwa safi tangu mwanzo, ni sisi Wakikuyu tulioongeza mawe kwenye maharagwe. Kanisani Bwana Mungu ni Mwĩaĩ, neno ambalo likishaanza halina tena pa kushika. Wao hulitamka kwa ulaini, na mimi hulifikia mwisho nikiwa nimechoka.

Wangenicheka ningeshukuru. Shida ya Wakamba ni ukarimu. Mteja anakuja karakana, namsalimu kwa Kikamba, namwuliza anataka mlango wa upana gani, naye anatabasamu kwa huruma na kusema, "Fundi, wacha tuongee tu Kiswahili, tusikusumbue." Nasema sisumbuki. Anasema, "Ni sawa, sisi tunaelewa." Hapo mazungumzo ya Kikamba yanakuwa yamekwisha, na tunaendelea kwa Kiswahili chake kibovu na changu kibovu, kila mmoja akijitahidi kumpunguzia mwenzake mzigo ambao hakuna aliyeomba apunguziwe.

Jumapili moja kanisani kwao Kasikeu nilisimamishwa kama mkwe niwasalimu washirika. Niliwasalimu kwa Kikamba, maneno machache niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Walipiga makofi. Mzee wa kanisa akachukua maikrofoni akasema, "Mkwe wetu anajua Kikamba sana." Nilikaa chini nikiwa na hasira ambayo sikuweza kumweleza mtu. Hakuna Mkamba aliyewahi kuambiwa anajua Kikamba sana. Mtoto wao akikosea wanamkatiza hapohapo, sema hivi, usiseme vile, rudia. Mimi nakosea, wananisifu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe langu lilikuwa bado halijatoka stoo baada ya miaka yote hiyo.

Na aliyenipa heshima kuliko wote, kwa hiyo aliyeniumiza kuliko wote, alikuwa mama mkwe wangu.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Ni haya, ni heshima, ni umbali kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Kwetu pia tunalo neno hilohilo, ila sisi tumelilegeza, siku hizi utamkuta mtu amekaa na mama mkwe wake kochi moja wakitazama habari. Mama mkwe wangu hakulegeza chochote. Ni mtu wa kanisa, ameokoka tangu ujana wake, lakini wokovu haukugusa nthoni. Tukikutana njiani anatoka njiani. Nikiwa sebuleni hapiti mlango wa mbele. Sikuwahi kumshika mkono wala kula naye meza moja. Nikitembelea, chai yangu huja katika kikombe chenye maua, kinachotoka kwenye kabati la vioo na kurudi humo nikiondoka. Akiwa na neno kwangu hulituma kwa mke wangu, hata kama niko hatua chache tu kutoka aliposimama.

Hayo yote niliweza kuyabeba. Lililonishinda ni kwamba neno hilo alilituma kwa Kiswahili. Anamwambia binti yake, aliyemzaa mwenyewe, "Ambia yeye chakula iko tayari." Kiswahili chake ni cha kuokoteza, cha sokoni, na akiongea na binti yake hana haja nacho hata kidogo. Alikitoa kwa ajili yangu tu, kama kile kikombe. Nilitaka siku moja, hata mara moja, anijibu kwa lugha yake. Sikutaka kingine kutoka kwake.

Mwaka mmoja aliteleza karibu na tangi la maji akavunjika paja. Alilazwa, akafungwa vyuma, akarudishwa nyumbani akiwa hawezi kutembea. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki zamani. Mke wangu akaenda kumtunza, na kazi ya Kambu ilipopungua nikamfuata, nikiwa nimebeba mashine yangu, kwa sababu kanisa la pale lilitaka madirisha mapya na nyumba ya peke yangu ilikuwa imeanza kunishinda.

Fyuzi ya nyumba kubwa iliruka mara tu nilipowasha mashine. Stima iliyokuwa na nguvu ilikuwa ya jikoni. Kwa hiyo nikawekwa nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha mabati, waya ukitokea dirishani. Na ndani ya jiko hilo, kwenye godoro lililosogezwa ukutani, ndiko mama mkwe alikoshinda mchana kutwa, maana alikataa katakata kulala chumbani jua likiwaka. Alisema kitandani mchana hukaa wagonjwa. Kati yangu na yeye kulikuwa na ukuta wa matofali uliofika kifuani, na juu yake mabati yenye nafasi za kupitisha moshi. Sikumwona, wala yeye hakuniona. Kwa mtu wa nthoni huo ulikuwa mpango mzuri kabisa.

Nami nilianza kumsikia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mtu wa mbali. Aliwafokea kuku. Alimfundisha mke wangu kupika vitu ambavyo mke wangu amenipikia tangu tuoane. Alimpigia simu dada yake aliyeko Kyuso wakahesabiana mbuzi, nani kazaa na nani kapotea, na ndengu zilivyokauka kabla ya kufunga maganda. Kyuso ndiko alikozaliwa, huko juu Kitui, na alikuja Kasikeu akiwa bibi harusi. Hata mimi niliyekuwa nje ya lugha nilisikia kwamba hakuongea kama majirani zake. Aliyavuta maneno na kuyainua mwishoni, mahali ambapo watu wa Kasikeu huyaweka chini.

Kila siku kabla ya saa sita alimwita jirani yake aje wapige soga. Jirani huyo, mama wa umri wake, alikuwa na shamba ng'ambo ya korongo kavu lililoko mbele ya boma. Mama mkwe aliita akiwa palepale chini kwenye godoro: "Mũtũi," yaani jirani, lakini akilivuta neno hilo kwa mahadhi yake, linashuka, linapanda, linakaa juu kwa muda, kisha linaachiliwa polepole. Sauti ilipenya kwenye mabati ikavuka korongo. Baada ya kitambo jirani alitokea.

Mimi kazini huvaa kinyago cha kuchomelea, na mtu aliyevaa kinyago hakuna anayemwona mdomo. Nikaanza kumfuatisha. Akisema neno, nami nalisema nyuma ya kinyago, taratibu, huku cheche zikiruka. Sikutafuta maana, maana nilikuwa nayo. Nilifuata pumzi: anavuta wapi, anaacha wapi. Jasho lilinitoka kwa mambo mawili, moto na ulimi. Siku nyingi niliishia kuvua kinyago na kutema mate, kwa sababu yeye alisema mũũnda bila kufikiri na mimi, baada ya asubuhi nzima, bado nilikuwa na g imenikaa kooni, hata nisipoitamka inasikika.

Siku moja nilimsikia akiomba. Aliwataja watoto wake wote, mmoja mmoja na shida zake, kisha akasema kwa Kikamba, "Na yule aliye hapo nje, Mwĩaĩ, mlinde macho yake na ule moto." Nilizima mashine. Nilikaa pale juu ya debe. Kwa Mungu alikuwa ananitaja kwa Kikamba. Kwa masikio yangu hakutaka kukitumia.

Mchana huo alimtuma mke wangu aniambie moshi wa mashine unamkereketa. Nilikuwa nimekwisha kumsikia. Nikajibu kwa Kikamba, kwa sauti ya kuvuka ukuta, kwamba pole, nitasogea kidogo. Kisha nikasikia ndani, "Ambia yeye asante sana."

Nilimvuta mke wangu pembeni, karibu na zizi.

"Mwambie mama yako anijibu kwa lugha yake."

"Mimi siwezi ambia mama hivyo."

"Kwa nini?"

"Anakupea heshima. Wewe unataka aache?"

"Heshima hiyo imenichosha. Miaka yote hii naonekana kama mtalii."

Alinitazama akaona si utani. "Si ni Kiswahili tu," akasema. "Hata mimi naongea na wewe Kiswahili."

Alikuwa na haki, na mimi sikutaka awe nayo. Nilirudi kwenye madirisha yangu nikachomelea vibaya hadi jioni, na kesho yake ikabidi nikate na kurudia.

Siku iliyobadilisha mambo, mke wangu alikuwa ameenda sokoni Kasikeu kutafuta dawa. Bomani tulikuwa mimi, mama mkwe na kuku. Nilikuwa nasugua kona ya fremu niliposikia ndani kishindo, kisha sufuria ikibingirika, kisha kimya. Nilivua kinyago na kuzunguka mbio hadi kona ya jiko, ambapo mlango ulikuwa wazi. Hapo miguu ilisimama. Mimi si mtu wa kuabudu mila. Nimewahi kuwacheka wazee wa kwetu kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini nilisimama pale, na kabla sijaamua lolote nikasikia sauti yake, nyembamba, kwa Kiswahili.

"Usikuje."

Nikasema, "Mama, umeumia?"

"Usikuje. Ita mtu."

Nilielewa. Alikuwa chini, labda leso imetoka, mguu umelala vibaya, na kati ya kuinuliwa na mkwe wake na kubaki sakafuni alikuwa amechagua sakafu. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na nthoni, na mke wangu kwa kwenda sokoni, na mimi mwenyewe kwa kutii. Simu ya mke wangu ililia bila kupokewa. Namba ya jirani sikuwa nayo.

Nilikimbia hadi ukingoni mwa korongo. Jirani alikuwa ng'ambo, ameinama kwenye mbaazi zake, mgongo umenielekea. Niliita kwa Kiswahili, "Mama, njoo, njoo haraka." Hakuinua kichwa. Wachuuzi na madalali wa maembe hupita njia hiyo wakipiga kelele za namna hiyo kila siku, na hakuna mtu mwenye kazi zake anayewageukia. Niliita tena, kwa nguvu zaidi. Aling'oa gugu akalitupa kando.

Halafu sauti nyingine ikanitoka. Sikuipanga. Mdomo uliufuata ule wimbo uliokuwa umeuzoea nyuma ya kinyago: "Mũtũi," ikashuka, ikapanda, ikakaa juu. Jirani aliinuka kabla sijamaliza. Aliangusha jembe, akakusanya leso mkononi, akateremka korongoni kwa mbio ambazo sikujua mama wa umri huo anazo. Alinipita mlangoni bila hata salamu. Nilimsikia ndani akisema kwa Kikamba, "Umeanguka hivi na bado una pumzi ya kuniita namna hiyo?"

Nikasikia kuvutana, mguno, godoro likisogezwa. Mguu haukuwa umevunjika tena, alikuwa ameteleza tu akijaribu kuifikia sufuria ya uji. Baada ya muda jirani alitoka akijifuta jasho, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Mkwe wetu, ni nani aliniita?" akauliza, kwa Kiswahili, bila shaka.

"Ni mimi."

"Apana. Mimi nimeitwa na mtu wa Kyuso. Hii upande yote hakuna mwingine anaita hivyo, ni huyu tu."

"Ni mimi, mama."

Alinipima kuanzia viatu hadi kwenye kinyago nilichokuwa bado nimekishika mkononi. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akarudi ndani kumsimulia mwenzake, na nikasikia wote wawili wakicheka, mwenye paja bovu akilalamika kwamba kicheko kinamuumiza. Nilirudi nyuma ya jiko. Nilikuwa na aibu kiasi. Mwanamume wa makamo, mwenye karakana yake, nilikuwa nimejifunza kuita kama bibi kizee.

Jirani alipoondoka kwenda kuokota jembe lake, nilishika fremu tena. Niliwasha mashine, nikaizima. Ndipo nikasikia ndani, kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu:

"Wewe kuku. Mwambie mkwe nimesikia alivyoita."

Kuku hakusema kitu. Mtu wa kutumwa hakuwepo, na neno halingeweza kuja moja kwa moja, kwa hiyo alikuwa amemtuma huyo. Lakini alikuwa amemtuma kwa Kikamba. Niliogopa hata kusogeza mguu.

"Mwambie," akaendelea, "ameita vibaya."

Upande wangu hakukuwa na kuku. Nikaigeukia mashine ya kuchomelea na kuiambia, kwa Kikamba kile nilichokuwa nacho, imuulize mama ubaya ulikuwa wapi.

"Amekata mkia," akamwambia kuku. "Anaita kama mtu wa haraka, anafika juu, halafu anaangusha. Nilipoolewa hapa walinicheka kwa kuita hivi. Waliniambia niite kifupi kama wao. Sikufupisha. Sasa yeye ananiibia sauti, kisha anaifupisha?"

Hakuna mtu, tangu nimvishe mke wangu pete, aliyewahi kuniambia kwamba nimekosea.

"Ĩngĩ," akasema, yaani tena. Safari hii hakumtaja kuku.

Niliita. Nilishuka, nikapanda, nikakaa juu.

"Bado. Ĩngĩ."

Niliita tena. Alisema navuta kwa pua. Niliita. Alisema sasa navuta kwa kifua, na nani amesema kifua. Mara nyingine aliita yeye mwenyewe ili nisikie, na kwa mara ya kwanza sikuwa nadokoa sauti yake kwa siri, nilikuwa napewa. Nilimfuata nikashindwa palepale niliposhindwa mwanzo, na akanung'unika kama anavyomnung'unikia mke wangu akiweka chumvi nyingi. Hasira yangu yote ya kila siku ilikuwapo, ulimi ulikuwa uleule mzito, ila sasa kulikuwa na mtu mwingine wa kukasirika nami.

Hatukumsikia mke wangu akija. Aliingia bomani akitweta, mfuko wa dawa umebanwa kwapani, viatu mkononi. Alikuwa amemsikia mama yake tangu barabarani, akiita na kuita bila kukoma, na alikuwa amekimbia njia nzima akijua kuna msiba. Alinikuta nimesimama nimeukabili ukuta.

"Mama ako wapi? Kwani kumeendaje?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwa Kiswahili, pole pole, tangu mwanzo.

"Mwache," sauti ikasema kutoka ndani, kwa Kikamba. "Bado hajaweza." Kisha, si kwa kuku wala kwa binti yake, "Ĩngĩ."

Nikavuta pumzi, nikaita.